Kayamba Mara Tatu

"Dorcas, mwanangu. Tembo hili, tunywe?"

Dorcas alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, vidole bado vina unga wa mahamri. Baba yake, Mzee Nyale, ameketi kwenye kiti chake cha kamba. Mbele yake, katikati ya mkeka, kuna kibuyu cha tembo la mnazi, kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Upande wa pili wamekaa wageni: wazee wawili aliowajua kwa sura tu, Mzee Charo, baba mdogo wa Lewa, na fimbo yake, na mwisho kabisa, karibu na mlango, Lewa.

Lewa wake. Amevaa shati la kuimbia, lile la kola ya buluu, na macho yako chini.

Kwao, msichana anayeposwa haulizwi kama anampenda mtu. Huulizwa swali hilo moja. Akisema nyweni, wazee hunywa na posa imekubaliwa. Akisema msinywe, wageni husimama wakaenda zao. Hawaulizi mara ya pili, wala hawabembelezi. Dorcas aliyajua hayo tangu utotoni.

Lakini alijua na jingine. Alijua daktari alivyomwambia baba yake mwezi wa tatu: "Mzee, ini lako limechoka. Glasi moja zaidi ni ya kuzikwa nayo." Alijua pia ahadi ya Lewa, aliyoitoa kwenye ngazi za kanisa, gitaa mgongoni:

"Nitakuja na soda, Dorcas. Kreti mbili. Tembo halitaingia kwa baba yako kwa mkono wangu."

Na sasa tembo lile pale, harufu imejaa chumba.

"Mwanangu," baba akarudia. Sauti ilikuwa imemkauka, na macho yake hayakuwa kwa wageni. Yalikuwa kwenye kibuyu. "Watu wanangoja."

Dorcas akamtazama Lewa. Inua macho, alisema moyoni. Mara moja tu, niangalie. Lewa hakuinua.

"Msinywe, baba."

Kuku alilia nje. Kisha Mzee Charo akaigonga fimbo sakafuni.

"Tumesikia. Twendeni."

"Baba mdogo, ngoja kidogo..." Lewa akasema.

"Tungoje nini? Mwanamume haulizi mara mbili. Inuka!"

Wakatoka mmoja mmoja. Lewa alikuwa wa mwisho. Mlangoni aligeuka, akafungua mdomo, na Dorcas akangoja. Mdomo ukafungwa. Akainama chini ya kizingiti, akaenda.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka 2018, saa kumi alasiri, Mikindani. Kibuyu kilibaki pale pale mkekani, kimejaa.

Kabla ya magharibi simu ya Dorcas ilitetemeka.

"Nimesikia jibu lako mbele ya wazee. Sitakusumbua tena. Mungu akutunze."

Akaisoma mara tatu. Si neno la kuomba radhi, si neno la kueleza tembo limefikaje. Akajibu:

"Nami nimeona ulichonijia nacho. Nenda kwa amani."

Yakaisha. Jumatatu watu wakasema Lewa amehama, amepata kazi ya kuchomelea huko Voi.

Kabla ya hapo, watu wa Mikindani waliwaita "wale wawili". Lewa na gitaa, Dorcas na kayamba. Hawakuwa na bendi, hawakuwa na spika kubwa. Waliimba nyimbo zao wenyewe, za Mungu anayekaa karibu na watu. Mwaka ule walikuwa wamerekodi nyimbo tisa na kuziita *Mlango wa Nyuma*, kwa jina la wimbo wa tano:

*Wakubwa wamemngoja mlango wa mbele,*
*Yeye kapitia jikoni, kamkuta mama.*

Walirekodi Bamburi, kwenye stoo tupu kando ya machimbo ya zamani, kwa sababu Lewa alisema kuta za matumbawe hurudisha sauti kwa upole. Rafiki yao Sumeya, mwenye duka la kopi na CD pale Mikindani, alileta kompyuta yake na maikrofoni moja, akaining'iniza kwenye mti wa ufagio. Ukisikiliza vizuri, wimbo wa pili una kunguru, wa saba una lori linarudi nyuma.

Na walikuwa na desturi yao. Lewa hakuanza wimbo hata siku moja. Alingoja. Dorcas alitikisa kayamba mara tatu, polepole, ndipo gitaa likaingia. Hata kanisani, mchungaji akiwaambia fanyeni haraka, Lewa alingoja zile tatu.

Sumeya alitengeneza CD mia na ishirini. Dorcas aliandika majina juu ya kila moja kwa mkono, kwa kalamu ya wino mzito, mpaka kidole kikavimba. Uzinduzi ulikuwa uwe Jumapili iliyofuata ile Jumamosi ya kibuyu.

Haukuwa. Maboksi yakaingia chini ya kitanda. Dorcas alimwambia mchungaji koo linamuuma, na koo hilo likamuuma miaka sita.

Na tembo? Jioni ile ile Mzee Nyale alikibeba kibuyu mwenyewe, akamwaga tembo chini ya mpapai, akakisuuza, akakitundika nyuma ya mlango wa jikoni. Hakugusa tena glasi. Dorcas alidhani amekitundika kimwonye. Hakuuliza.

Mzee Nyale alifariki mwezi wa saba, mwaka 2024. Si ini. Alikunywa chai nusu kikombe, akasema atajinyoosha kidogo, moyo ukasimama. Dorcas alipomaliza kulia alikiosha kile kikombe cha bati, kisha akajuta. Angekiacha na chai yake.

Wiki ya tatu ya msiba, Sumeya akapiga simu.

"Wewe, njoo dukani."

"Sumeya, niko na shughuli. Jumamosi tunafunga matanga."

"Leo ni Jumatatu. Njoo, shoga, usinifanye nifunge duka nije kukuburura."

Dorcas akaenda. Duka lilikuwa lile lile, ila sasa rafu za CD zimejaa chaja na vifuniko vya simu.

"Hodi."

"Karibu. Kaa. Hapana, hapo usikae!" Sumeya akashtuka mwenyewe. "Nisamehe. Mdomo umezoea. Hapo hukaa mzee wako."

"Mzee wangu nani?"

"Una wazee wangapi? Mzee Nyale."

"Baba alikuwa akija hapa?"

"Kila Jumamosi, wallahi. Anakaa hapo, anaegemeza fimbo, ananiambia, 'Mwanangu Sumeya, niwekee wale watoto.' Namuwekea zote tisa. Zikiisha anafuta macho, anasema duka langu lina vumbi baya, anakwenda zake."

Dorcas akakikalia kile kiti taratibu, kama mtu anayekalia kitu cha moto.

"Hakuniambia hata siku moja."

"Aliniapisha. Na mimi kiapo nakijua. Lakini sasa amekwenda, Mungu amrehemu, na mimi nimefanya jambo. Usinikasirikie."

"Umefanya nini?"

"Siku ya mazishi nilirudi hapa, kazi hazikwenda. Nikazitia zile nyimbo YouTube. Zote."

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa. Kukataa ndiyo kazi yako."

Neno lilimchoma, na Sumeya akaliona limechoma. Akavuta kompyuta, akaigeuza.

"Tazama. Watu mia mbili na kumi na wanne wamesikiliza. Si wengi, najua, paka wa Likoni akianguka kwenye ndoo anapata elfu. Lakini soma maoni ya huyu wa chini."

Dorcas akasoma. Hakukuwa na jina, ni "Fundi" tu, na picha ya geti.

"Wimbo wa tano gitaa linachelewa kuingia. Kosa ni la mpiga gitaa. Kayamba haina kosa."

"Haya niambie," Sumeya akasema, "nani hapa duniani anajua kwamba wimbo wa tano gitaa limechelewa?"

"Wewe. Mimi. Na..."

"Na nani? Malizia."

Sumeya akamsukumia kijikaratasi.

"Namba yake. Nilimuuliza, akanipa. Hakuuliza kitu ila kimoja: 'Bado anaimba?'"

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia akuulize mwenyewe. Akanijibu, 'Mimi huwa sianzi.' Hivi nyinyi ni watu wazima au ni watoto wa Sunday school?"

"Alivunja ahadi, Sumeya. Aliniahidi tembo halitaingia."

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini? Niliona kwa macho yangu."

"Macho yako yaliona kibuyu. Yalimwona aliyekibeba?"

Dorcas akakifunga kile kikaratasi kwenye pindo la leso, akasimama.

"Msalimie mama," akasema.

"Nitamsalimia. Na wewe uandike!"

Alipofika nyumbani alimkuta Shangazi Dhahabu, dada wa baba, jikoni, amekishika kibuyu na anakifuta vumbi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuambia habari ya hiki. Jumamosi tunafunga matanga, na unajua kwetu: jambo la marehemu ambalo halikuisha humalizwa siku hiyo. Nimetuma mtu kwa Charo aje akichukue. Akishatoka nacho, imekwisha."

"Imekwisha nini? Si iliisha siku ile?"

Dhahabu akaacha kufuta.

"Hukufunzwa? Tembo likikataliwa, wenyewe huondoka nalo. Wakiliacha, maneno hayajafungwa. Charo kwa hasira zake alitoka mikono mitupu. Nilimwambia ndugu yangu akirudishe kibuyu. Nilimwambia mwaka wa kwanza, nikamwambia mwaka wa pili. Akakataa."

"Kwa nini?"

"Alisema, 'Aliyeulizwa hakumaliza kusema.'"

Dorcas akashika ukingo wa meza.

"Baba alijua?"

"Alijua wewe hukumkataa kijana. Alisema, 'Binti yangu aliniangalia mimi nilivyokuwa nakikodolea macho kile kibuyu, akamwacha mume kwa ajili ya ini langu. Nitamwambia nini, na kwa mdomo gani?' Ndiyo maana hakunywa tena. Aliona kileo kimeshamla mkwe."

Dorcas alilia pale pale jikoni, kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia hata makaburini. Dhahabu hakumbembeleza. Aliendelea kukifuta kibuyu mpaka kikang'aa, kisha akasema:

"Jumamosi saa nne asubuhi Charo atakuwa hapa. Mimi ni mzee, kazi yangu ni kutekeleza. Una siku nne."

Kesho yake, baada ya wageni wa msiba kunywa chai na kuondoka, Dorcas alitoa kayamba juu ya kabati. Mbegu za ndani bado zilikuwa nzima. Akaandika kwenye simu: "Lewa, ni mimi." Akafuta. Akaandika: "Baba amefariki." Akafuta. Akaandika: "Kwa nini ulileta tembo?" Hiyo aliitazama muda mrefu, akaifuta nayo.

Mwisho akabonyeza kile kimaikrofoni cha WhatsApp, akaiweka simu juu ya meza. Akatikisa kayamba.

Mara moja. Mbili. Tatu.

Akatuma.

Alama zikawa mbili. Zikawa buluu. Jibu halikuja. Akapika, akafua, akakunja leso za msiba. Jibu halikuja. Akalala, akaamka, akachota maji. Saa moja na nusu asubuhi simu ikalia mlio mfupi. Sauti, sekunde kumi na mbili. Akaiweka sikioni.

Kwanza kimya. Kisha gitaa. Wimbo wa tano, na limechelewa.

Akapiga.

"Halo."

Sauti ile ile, imezidi uzito kidogo.

"Umechelewa tena kuingia," Dorcas akasema.

"Gitaa halikuwa na nyuzi. Nimezungukia Voi nzima kutafuta. Uzi wa pili nimeuazima kwa kwaya ya Wakatoliki."

Dorcas akacheka, na kicheko kikamshtua mwenyewe.

"Pole kwa mzee," Lewa akasema. "Sumeya aliniambia. Nilitaka kuja kuzika. Nikasema nitaingia kwa mlango gani?"

"Lewa."

"Naam."

"Uliniahidi soda."

Nyuma yake chuma kiligongwa, mtu akaita, "Fundi!" na Lewa akajibu, "Ngoja!"

"Nilileta soda, Dorcas. Kreti mbili. Zilikuwa ndani ya gari."

"Na tembo?"

"Yamepita hayo."

"Hayajapita. Tembo lilitoka wapi?"

"Unataka nimtaje mtu aliyenilea, nimtie makosani? Siku ile nilishindwa mbele ya watu, na leo nashindwa kwenye simu."

Dorcas akakaa chini kwenye ngazi ya jikoni.

"Charo," akasema.

Lewa hakusema ndiyo, na hakusema sivyo.

"Na kwa nini hukuinua macho? Nilikuwa nakutazama. Nilikuambia kwa macho, niangalie."

"Nilikuwa naona aibu. Nilikuwa natafuta neno ambalo halitamvunjia heshima baba mdogo. Kabla sijalipata, wewe ulikuwa umeshasema."

"Nilikataa tembo."

"Nini?"

"Nilikataa tembo, Lewa. Daktari alisema litamuua baba. Wewe sikukukataa."

Dorcas akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Miaka sita," Lewa akasema taratibu.

"Miaka sita."

"Mimi nachomelea mageti ya watu, nakwambia kila usiku najiuliza nilikukosea wapi, kumbe lilikuwa ini la mzee!"

"Usicheke."

"Sicheki. Nalia, ila inatoka hivi."

"Una mke?"

"Nina paka. Na gitaa la nyuzi tano na mmoja wa Wakatoliki. Wewe?"

"Nina maboksi ya CD chini ya kitanda. Panya wamekula moja." Akavuta pumzi. "Jumamosi saa nne asubuhi, Charo anakuja kuchukua kibuyu. Akitoka nacho mlangoni, imekwisha kwa mila na kwa kila kitu. Mimi siwezi kukuita kwa mlango wa mbele, unajua. Aliyekataliwa hapiti hapo mpaka aitwe na wazee."

"Najua."

"Sasa?"

Aliisikia pumzi ya Lewa, kama zamani kwenye maikrofoni moja.

"Na ule mlango mwingine?" Lewa akauliza.

Jumamosi nyumba ilijaa. Viti vya kukodi vilipangwa uani, sufuria ya pilau juu ya mafiga, na ndani, kwenye mkeka ule ule, wazee watano. Mzee Charo aliingia saa nne kasoro, amepungua mwili, fimbo ileile. Akasalimia, akatoa pole, akakaa. Hakumtazama Dorcas.

Saa nne ikafika. Lewa hakuonekana.

Dhahabu akakileta kibuyu, akakiweka katikati.

"Mzee Charo, hiki ni chenu. Kimekaa kwetu miaka sita. Ndugu yangu hakukirudisha, na sasa hayupo. Kichukue, tufunge."

Charo akanyoosha mkono. Dorcas alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, palepale pa siku ile. Sema, alijiambia. Ukinyamaza sasa, umekwisha.

"Mzee Charo, usikiguse," akasema.

Vichwa vikageuka.

"Binti, hujaulizwa," mmoja wa wazee akanong'ona.

"Niliulizwa miaka sita iliyopita, baba. Sikumaliza kujibu."

Na hapo, nyuma yake, mtu akagonga mlango wa uani.

"Hodi jikoni!"

Lewa alikuwa amesimama kati ya masufuria, kreti ya soda begani, gitaa mgongoni, jasho linamtiririka. Kola ya shati ilikuwa ya buluu, imechujuka.

Dorcas akamwangalia. Safari hii macho yalikutana.

"Umeota mvi," akamwambia.

"Na wewe umenenepa."

"Ni pilau ya msiba."

"Imekukubali." Akaitua kreti. "Lori limetukwamisha Mariakani saa nzima. Nimechelewa kuingia."

"Nimezoea."

"Nani huyo jikoni?" Charo akaita.

"Ni mimi, baba mdogo."

Mzee yule akaushusha mkono wake. Alikitazama kibuyu, akamtazama kijana aliyesimama nyuma ya mlango asithubutu kuvuka, akavua kofia.

"Wazee," akasema, "kabla sijachukua hiki, nina neno. Siku ile huyu kijana alikuja na soda. Kreti mbili. Mimi ndiye niliyemwambia ziache garini, tutazitoa baadaye. Kibuyu nilikuwa nimekificha chini ya kiti cha gari. Nilisema siwezi kumposea mwanangu kwa Fanta, nitachekwa mpaka Kaloleni. Nikamtanguliza ndani, nikakitoa. Alikiona mkekani pamoja na ninyi."

"Na ulijua hali ya ndugu yangu?" Dhahabu akauliza.

"Lewa aliniambia. Nikasema ni maneno ya madaktari." Akafuta uso. "Nilijua kosa langu tangu jioni ile. Nikangoja anitaje, niombe radhi. Hakunitaja. Miaka sita nilipokuwa nikimpigia, ananiuliza tu, 'Baba mdogo, umekula?' Ningekuwa mimi ningelisema siku ileile, tena kwa kelele. Dorcas, mwanangu, nimekukosea. Na marehemu nimemkosea."

Dorcas akapiga magoti mbele ya yule mzee, akamshika mkono.

"Baba hakulinywa," akasema. "Hakunywa tena hata tone, mpaka amekufa. Alikufa na chai, mzee. Usilie."

"Na kibuyu kwa nini ulikiacha?" Dhahabu akauliza.

"Aibu. Ningepita Mikindani nzima nikibeba tembo lililokataliwa?"

"Basi hiyo aibu yako ndiyo imetuokoa. Ungekibeba, leo tungekuwa tunakula pilau tu." Dhahabu akageukia wazee. "Mimi naona jambo la marehemu halifungwi kwa kurudisha. Linafungwa kwa jibu. Mnasemaje?"

"Posa, siku ya matanga?" mzee mmoja akaguna.

"Aliyeletewa posa ni marehemu, na leo ndiyo siku yake. Au unataka tumngojee nani, mpapai uliolinywa lile tembo?"

Wazee wakaangua kicheko, hata yule aliyeguna. Dhahabu akaita jikoni:

"Lewa! Ingia. Lete hicho ulichoahidi."

Lewa akavuka kizingiti. Charo mwenyewe akafungua chupa kwa meno yaliyobaki, akaimimina ndani ya kibuyu, na povu la rangi ya machungwa likafurika juu ya mkeka.

"Fanta ndani ya kibuyu!" akasema. "Waliotutangulia watusamehe. Nilijua nitachekwa tu."

Dhahabu akakishika kwa mikono miwili.

"Dorcas, mwana wa ndugu yangu. Hii, tunywe?"

Dorcas akakitazama kiti cha kamba, kitupu. Kisha akamtazama Lewa, aliyekuwa ameinua macho na hayashuki.

"Nyweni," akasema. "Na niliyemkataa siku ile hakuwa yeye. Sasa nimemaliza."

Vigelegele vilitoka uani kabla kibuyu hakijafika mdomoni mwa mtu. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Sumeya, aliyekuwa amesimama dirishani muda wote na simu mkononi, analia na kurekodi.

"Sasa muimbe!" akapaza sauti. "Mzee alikuwa ananisumbua kila Jumamosi. Leo ni Jumamosi. Muwekeeni!"

Wakakaa uani, kwenye viti vya kukodi, goti kwa goti. Lewa akakaza nyuzi. Dorcas akaishika kayamba. Watu wakanyamaza, hata waliokuwa wakipakua. Alitikisa mara tatu, polepole, na Lewa hakuingia. Ilipita pumzi nzima.

"Kwa nini wimbo huu huwa unachelewa?" Dorcas akamnong'oneza. "Mwaka ule pia. Nikutikisie mara ngapi?"

"Si kwamba sisikii. Nakuangalia, nasahau."

Kisha akaingia.

Walifunga ndoa mwezi wa kumi na mbili, kwenye kanisa lile la Mikindani, na Mzee Charo ndiye aliyegawa soda. Wanakaa Port Reitz. Lewa anachomelea mageti, na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wanaimba pamoja. CD zilizobaki ziko dukani kwa Sumeya, rafu ya chini, na kiti cha Mzee Nyale hakikaliwi siku ya Jumamosi. Wimbo wa tano hawakuurekodi upya. Gitaa bado huchelewa kuingia.